Kijiko cha oili kabla ya kuitupa pikipiki

Pikipiki ya zamani inapopoteza nguvu milimani, kama ile barabara ya kupanda Riat kutoka Kisumu, pima injini kwa kijiko kimoja cha chai cha oili kabla ya kukubali kwamba imekwisha. Zima injini ikiwa na joto, futa mchanga unaozunguka plagi usije ukaingia ndani, fungua plagi, kisha ufunge mahali pake geji ya mgandamizo, kipimo cha nguvu ya upepo unaobanwa ndani ya silinda, ambayo mafundi wengi hukubali kuazimisha. Zungusha aksileta hadi mwisho na upige kiki mpaka mshale usipande tena. Mimina oili ya injini katika tundu la plagi, piga kiki mara chache ili ienee, halafu upime upya. Mshale ukipanda waziwazi, oili imeziba mwanya kati ya ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) na ukuta wa silinda, kwa hiyo kilicholika ni ringi, pistoni au silinda. Usipopanda, upepo unavujia kwenye valvu au gasketi ya kichwa, kazi ambayo kwa kawaida ni nafuu zaidi. Kwa Boxer, ambayo vipuri vyake vimejaa madukani, mimi ningetengeneza katika hali zote mbili, ila fremu iwe nzima: ufa karibu na shingo ya usukani unatosha kuiuza kama vyuma. Kipimo hiki hudanganya oili ikizidi, au silinda ikiwa imelala, kwa sababu oili hutuama upande wa chini na kuacha ringi wazi juu.