Kupiga Simu Nyumbani Uganda kwa Gharama Nafuu Ukiwa Safarini

Bei ya simu inayokwenda Uganda kutoka nje haitokani na umbali bali na njia inayopita. Simu ya kawaida kutoka Dubai au London kwenda kwa mzazi aliyeko Mbale huanzia kwa kampuni ya huko, ikaunganishwa na kampuni nyingine katikati, ndipo ikaingia mtandao wa hapa kwetu, na kila mmoja hukata chake. Juu ya hayo kuna kodi: Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2014 iliweka ushuru wa senti 9 za dola ya Marekani kwa kila dakika ya simu inayoingia Uganda kutoka nje, ikazisamehe simu zitokazo Kenya, Rwanda na Sudan Kusini. Ndiyo maana dereva wa lori aliyelala Juba huweza kuzungumza na mkewe kwa fedha kidogo, ilhali binti anayefanya kazi za ndani Sharjah huona salio lake likiisha kabla hajamaliza kusalimia. Simu ya intaneti haipiti njia hiyo; anayepiga hulipia data yake na anayepokea hulipia ya kwake, basi.

Kwa hiyo maandalizi makubwa hufanyika nyumbani kabla ya safari, na upande unaosahaulika mara nyingi ni ule wa wanaobaki. Msafiri hununua simu nzuri, akaweka programu zote, kisha akifika ugenini anagundua kwamba mama yake ana simu ya kitochi isiyojua intaneti ni nini. Kabla ya kuondoka, amueni ni simu ya nani katika familia au kwa jirani itakayopokea WhatsApp, ni nani atakayeinunulia kifurushi, na ni saa ngapi itakuwa imechajiwa na iko mkononi mwa mtu. Pigeni simu ya majaribio mkiwa bado pamoja, mmoja ndani na mwingine uani, mpaka mzee ajue mwenyewe kitufe cha kijani kinabonyezwa au kinaburutwa kwenda juu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini simu nyingi zisizopokelewa zinatokana na hilo tu, wala si mtandao mbaya.

Kuhusu data, simu ya sauti ya WhatsApp hutumia takriban nusu megabaiti kwa dakika, hivyo mazungumzo ya nusu saa hutoshea hata kwenye kifurushi kidogo. Simu ya video hutumia mara kumi ya hapo na zaidi. Wenye kutazamana kila siku hawana budi kukumbuka kwamba data nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa kwenye mitandao ya kijamii mwaka 2018. Kwa maoni yangu, sauti itumike siku za kazi na video iachiwe Jumapili, wakati watoto wote wako nyumbani. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna chaguo la kupunguza data wakati wa simu. Liwasheni pande zote mbili.

Ukisafiri ndani ya Afrika Mashariki mambo ni mepesi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa mtandao mmoja, Sudan Kusini ikajiunga baadaye, na mpango huo uliondoa tozo kwa anayepokea simu akiwa katika nchi hizo na kushusha bei ya anayepiga. Mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, anayekwenda Nairobi kwa siku mbili anaweza basi kubaki na laini yake ya Uganda bila hofu ya kupokea simu. Tanzania haikuingia pamoja na wenzake mwanzoni, kwa hiyo anayevuka mpaka wa Tanzania pale Mutukula aulize kampuni yake bei ya sasa kabla ya kuvuka. Akiwa Kenya au Tanzania na laini ya huko, anaweza kupiga Uganda kwa kuanza na 006 badala ya +256. Vivyo hivyo aliyeko Uganda hupiga Kenya kwa 005 na Tanzania kwa 007.

Wakazi wa mipakani wana shida ya namna yake. Pale Busia au Malaba, simu iliyo upande wa Uganda huweza kushika mnara wa Kenya yenyewe, na data ikaanza kuhesabiwa kwa bei ya ugenini huku mwenye simu hajatoka hata nje ya duka lake. Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mitandao, kuzima uchaguzi wa kujiendesha, na kuchagua kampuni yako kwa mkono. Data ya romingi, yaani ile ya laini yako inapotumia mtandao wa nchi nyingine, nayo izimwe wakati wote, isipokuwa umenunua kifurushi chake makusudi.

Nchi za Ghuba zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika Falme za Kiarabu, zilipo Dubai na Sharjah, simu za WhatsApp zimezuiwa, ingawa ujumbe wa maandishi na sauti iliyorekodiwa hupita. Huko hutumika programu zilizoidhinishwa kama Botim, na familia iliyoko Uganda lazima iwe nayo pia, iwekwe na kusajiliwa kabla ya siku ya kwenda Entebbe. Anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa atakuta WhatsApp imefungwa kabisa kwenye mtandao wa China. WeChat ndiyo inayofanya kazi, nayo wakati mwingine humtaka mwanachama wa zamani amthibitishe anayejisajili, jambo ambalo ni rahisi kulikamilisha ukiwa Kampala kuliko ukiwa hotelini.

Kwa wale wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, naomba mpango wa simu usiwe wa bei peke yake. Waajiri wengine hushika simu za wafanyakazi, na ukimya wa wiki nzima nyumbani hutafsiriwa kuwa data imeisha. Wekeni siku maalumu ambayo sauti yake ikikosekana, familia itamfuatilia wakala aliyempeleka, Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na ubalozi wa Uganda ulioko Abu Dhabi au Riyadh. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na ziwekwe pande zote mbili.

Iwapo nyumbani hakuna simu ya intaneti kabisa, bado kuna njia. Programu kama Viber Out na Rebtel humwezesha msafiri kununua salio na kupiga namba ya kawaida. Simu ya kitochi italia kama kawaida, bila data yoyote upande wa kijijini. Linganisha bei ya dakika moja ya Uganda, si ya Afrika kwa jumla, kwa maana nchi zetu hutofautiana sana. Tena linganisha na upande wa pili: kampuni za Uganda huuza vifurushi vya kupiga nje, na kwa baadhi ya nchi ni nafuu zaidi msafiri kubipu na ndugu wa nyumbani kupiga.

Laini yako ya Uganda usiitupe, kwa kuwa fedha zako za simu na namba za siri za benki hupitia humo, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Kama simu yako inachukua laini mbili, acha ya Uganda ikae kwenye nafasi ya kwanza kwa ajili ya ujumbe, na laini ya nchi uliyofika ibebe data. WhatsApp itaendelea na namba yako ya zamani hata ukibadilisha laini, mradi usikubali pale inapokuuliza kama ungependa kubadilisha namba. Kabla ya kuondoka bonyeza ##002# ili kufuta uhamishaji wa simu kwenda kwenye kisanduku cha sauti, kwa sababu nje ya nchi simu usiyoipokea na ikahamishwa huko inaweza kukutoza.

Namba zote za nyumbani zihifadhiwe kwa mtindo wa +256, sifuri ya mwanzo ikiondolewa: inayoanza na 077 huandikwa +256 77. Saa nazo ziangaliwe: Riyadh iko sawa na Kampala, Dubai imetangulia kwa saa moja, Guangzhou kwa saa tano, na Juba iko nyuma kwa saa moja tangu Sudan Kusini ilipobadilisha saa zake Februari 2021.