Namna ya Kuandika Wasifu wa Jesse Owens

Anayeandika wasifu wa Jesse Owens, mwanariadha mweusi wa Marekani, awe mwalimu au mwanafunzi, hushawishika kuanzia Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, kwenye medali nne za dhahabu. Usianzie huko. Anzia Oakville, Alabama, alikozaliwa tarehe 12 Septemba 1913, kitinda mimba katika familia ya watoto kumi iliyolima ardhi ya mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Kisha umfuate hadi Cleveland, Ohio, ambako familia ilihamia akiwa na miaka tisa.

Ukifika kwenye umaskini, usitosheke na kusema kwamba maisha yalikuwa magumu, bali onyesha jinsi ulivyoigusa riadha yenyewe. Kwa kuwa kijana huyo alilazimika kufanya kazi baada ya masomo, kocha wake, Charles Riley, alikubali kumfundisha asubuhi kabla ya shule kuanza. Ubaguzi nao uueleze kwa matukio: katika Chuo Kikuu cha Ohio State hakupewa ufadhili wa masomo, hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo, na timu iliposafiri, yeye na wanariadha wenzake weusi walitafutiwa mahali pao pa kula na kulala.

Tenga aya nzima kwa ajili ya tarehe 25 Mei 1935, mjini Ann Arbor, Michigan, ambayo kwa maoni yangu inazipita hata siku zake za Berlin. Akiwa na maumivu ya mgongo, katika muda wa takriban dakika 45 aliifikia rekodi ya dunia ya yadi 100 kwa sekunde 9.4, akavunja ya kuruka chini, ya yadi 220 na ya viunzi vya yadi 220. Aliruka mara moja tu, mita 8.13, na rekodi hiyo ikadumu miaka 25.

Berlin iandike kwa tahadhari, hasa ile habari kwamba Hitler alikataa kumpa mkono. Siku ya kwanza Hitler aliwapongeza baadhi ya washindi, akaondoka uwanjani kabla ya Cornelius Johnson, Mmarekani mweusi aliyeshinda kuruka juu, kuvishwa medali; alipotakiwa na wakuu wa Olimpiki awapongeze wote au asimpongeze yeyote, aliacha kuwapongeza hadharani. Owens alitwaa dhahabu yake ya kwanza siku iliyofuata.

Wala usiishie kwenye jukwaa la washindi. New York ilimpokea kwa maandamano, kisha akapandishwa kwa lifti ya mizigo kwenda kwenye hafla iliyoandaliwa kwa heshima yake katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Rais Roosevelt hakumwalika Ikulu. Owens alifungiwa kushiriki riadha ya ridhaa kwa kukataa kuendelea na ziara ya mashindano Ulaya, ikafika mahali akawa anashindana mbio na farasi ili apate riziki. Nishani ya Uhuru ya Rais alivishwa na Rais Gerald Ford mwaka 1976. Mwaka huo uuweke katika aya moja na ule wa Berlin, ili msomaji apige hesabu mwenyewe.