Mboga pori: usizing'oe zote kwenye palizi ya kwanza

Mvua zikishaanza huku Dodoma na Singida, kinachowahi kuota shambani wala sio mtama wako, ni mlenda, mgagani, mchunga na mchicha pori, halafu mtu anashika jembe anang'oa vyote anaviacha vikauke juani, wiki mbili mbele anamtuma mtoto gengeni na hela akanunue mboga. Mimi hapo ndo huwa sielewi kabisa. Ni kweli magugu yanagombania maji na mbolea na mtama, na palizi ya mapema lazima ifanyike, sikatai, ila pembeni mwa shamba, kwenye matuta ya kuzuia maji na kule zizi la zamani lilipokuwa unaweza ukaziacha zikakua ukawa unachuma taratibu.

Sasa kuchuma kwenyewe. Mgagani na mchicha using'oe na mizizi, kata ncha tu kwa kucha au kisu, utaona unatoa matawi ya pembeni na utarudi kuchuma tena. Mgagani ukianza kutoa maua yatoe, maana ukishaingia kwenye mbegu majani yanakuwa madogo na hautakuwa na maana tena. Mlenda ni hivyo hivyo, chukua vichwa laini. Mchunga wenyewe hauna shida sana, una mizizi inayotambaa chini hata ukiukata unarudi (ndo maana wenye mashamba wanauchukia). Mnavu chuma majani machanga uyachemshe vizuri, na vile vitunda vyake vikiwa bado vya kijani watoto wasile.

Halafu kuna mnanaha, mmea wenye sumu, na hapa naomba tusikilizane. Unaota sehemu zile zile za mboga hizi, kwenye mbolea ya samadi na mahame, na ukiwa mdogo mtu mwenye haraka anauzoa pamoja na mchicha bila kujua. Ukishakua unajulikana, jani pana lenye kingo za meno meno, ukilifikicha linanuka vibaya, ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Kwa hiyo chuma jani kwa jani, usikamate fungu zima na kulikata, na kabla ya kupika mwaga mboga kwenye ungo uzichambue. Mtu akila mnanaha mdomo unakauka, mboni za macho zinatanuka, moyo unaenda mbio na anaanza kuweweseka, watu wanafikiri karogwa wanampeleka kwa mganga. Mpeleke hospitali na ubebe lile jani daktari alione.

Uyoga nao usifanyie majaribio. Yale maneno kwamba ukiona wadudu wanaula basi ni salama, au weka kijiko cha fedha uone kama kitabadilika rangi, hayana ukweli, kuna uyoga unaua na kuuchemsha hakuondoi sumu yake. Ubaya wake zaidi ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa saa sita, kumi na mbili au zaidi, mtu anaharisha na kutapika, kesho anaonekana kapata nafuu kumbe ini linaharibika. Kama huujui kwa kufundishwa na mtu wa hapo hapo kwenu anayeuchuma miaka yote, uache ulipo. Na ukihamia mkoa mwingine usitumie ujuzi wa kwenu, uyoga unafanana.

Kingine ambacho watu wanakipuuza ni dawa. Shamba la pamba au alizeti lililopigwa dawa ya wadudu usichume mboga humo, zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ni za zao lililotajwa, sio za mlenda ulioota katikati. Palipopigwa dawa ya magugu ndo usisogee kabisa. Muulize jirani kwanza, upepo unaleta dawa mpaka kwako. Pembezoni mwa barabara kubwa na majalalani pia hapana.

Za kukausha, wengi tunaanika juu ya mwamba au bati jua kali linazichoma zinakuwa za kahawia, na vitamini A nyingi inapotea hapo. Anika kivulini penye upepo, juu ya kichanja ili mbuzi na vumbi visifike, tandaza nyembamba, geuza, mpaka jani likishikwa linavunjika. Zikiwa na unyevu kidogo tu zikaingia kwenye ndoo yenye mfuniko zitaota ukungu, na zenye ukungu tupa, usiseme utaziosha. Wakati wa kupika weka karanga za kutwanga au mafuta kidogo, mwili unahitaji mafuta ili uichukue hiyo vitamini A.

Matunda ya porini, ukwaju, ubuyu, kunazi, furu, tumia ngoeko (mti mrefu wenye ndoano) au okota yaliyodondoka, kukata tawi zima kwa sababu ya matunda ya siku moja ni uharibifu. Msitu wa kijiji ulizia kamati ya maliasili utaratibu wao, ukiwa wa hifadhi ya serikali ongea na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla hujaingia na gunia.

Na acha mashina machache ya mgagani yazae. Vuna maganda yakianza kuwa ya njano kabla hayajapasuka, kausha, hifadhi. Mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni inalala miezi kadhaa bila kuota, kwa hiyo ukiimwaga ukaona kimya usidhani imekufa, panda ya msimu uliopita.