Kupanda mimea yenye sumu nyumbani: mahali, kupogoa, mabaki na ajali

Bustani nyingi za nyumbani zina sumu tayari, mwenyewe ajue asijue. Kuna oleanda mbele ya nyumba, minyaa kwenye uzio, difenbakia kwenye chungu sebuleni, na mbarika uliojiotea pembeni. Si lazima kuing'oa yote. Mmea wenye sumu humdhuru mtu kwa njia chache zinazojulikana: kuliwa, kugusa ngozi, kuingia jichoni, moshi wake kuvutwa, au mabaki yake kumfikia mnyama. Hatua zilizo hapa chini zinaziba njia hizo moja baada ya nyingine. Hatari haiko sawa mwaka mzima. Siku mbaya zaidi ni zile za kupogoa na zile mbegu zinapokomaa, na ndiyo maana siku hizo zimepewa hatua zake zenyewe, ya 5 na ya 6.

Vifaa: glavu za mpira au za nitrili zinazofika juu ya kifundo cha mkono, miwani ya kinga inayofunika jicho pembeni pia, shati la mikono mirefu, mkasi wa kupogolea, turubai, mifuko imara ya taka, spiriti, sabuni, na maji safi karibu na unapofanyia kazi. Glavu za pamba hazifai kwa kazi hii. Hunyonya utomvu, kisha huubana kwenye ngozi.

Hatua ya 1: Jua mmea wako kwa jina la kisayansi

Jina la mtaani halimtoshi daktari. Ukisema "mbono" unaweza kumaanisha Ricinus communis, yaani mbarika, au Jatropha curcas, yaani mbono kaburi. Yote miwili ina sumu, lakini sumu zenyewe ni tofauti. Piga picha za jani, ua, tunda na shina, uutambue mmea kwa msaada wa mtaalamu wa mimea au kitabu cha mimea, kisha uandike mambo manne: jina la kisayansi, sehemu yenye sumu, dalili za kwanza, na muda zinapoanza kuonekana.

Mimea ya nyumbani inayoleta shida huangukia katika makundi yafuatayo.

Inayoshambulia moyo: oleanda (Nerium oleander), oleanda ya manjano (Cascabela thevetia), waridi la jangwani (Adenium obesum) na digitalisi. Ina glikosidi zinazovuruga mapigo ya moyo. Kwa oleanda, sehemu zote zina sumu, na jani likikauka sumu haiondoki. Kutapika huja mapema, kisha mapigo ya moyo hupungua au kwenda mrama.

Yenye mbegu za hatari: mbarika, wenye sumu iitwayo risini, na Abrus precatorius, ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi, yenye sumu iitwayo abrini. Ganda la mbegu hizi ni gumu. Mbegu nzima ikimezwa huweza kupita tumboni bila kuachia sumu nyingi, lakini iliyotafunwa, iliyopasuka au iliyotobolewa ni jambo jingine kabisa. Hivyo shanga za Abrus zilizotobolewa ni hatari kuliko mbegu iliyo kwenye ganda lake. Dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi, na ucheleweshaji huo ndio unaowapumbaza watu.

Inayovuruga akili: mnanaha (Datura) na nduguye Brugmansia mwenye maua yanayoning'inia. Sumu zake ni atropini na skopolamini. Mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa nyekundu na ya moto, na mtu huanza kuweweseka.

Yenye maziwa yanayounguza: mnyaa (Euphorbia tirucalli) na jamii yake yote. Tone moja jichoni huleta maumivu makali, na mtu anaweza asione kwa siku kadhaa.

Yenye fuwele: difenbakia na jamaa zake. Jani likitafunwa, fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano huchoma ulimi na koo papo hapo. Maumivu hayo humfanya mtoto ateme haraka, kwa hiyo kumeza kiasi kikubwa si jambo la kawaida. Jambo la kuogopa ni uvimbe unaoziba njia ya hewa.

Ongeza glorioza (Gloriosa superba), mwenye sumu iitwayo kolkisini, ambaye kiazi chake hufanana mno na kiazi kikuu. Na kama una paka, ongeza yungiyungi wa jenasi ya Lilium na ile ya Hemerocallis. Kwa paka, hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake au maji ya chombo cha maua huweza kuua figo.

Hatua ya 2: Amua upi ubaki

Si kila mmea unastahili kulindwa kwa uzio. Mingine iondolewe tu. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na Abrus hata kidogo, kwa sababu mbegu zake zinang'aa na zinamvutia mtoto. Mbarika ubaki tu kama kuna mtu atakayekata mashada kila wiki bila kukosa. Penye paka, Lilium isiingie ndani wala nje. Kuuinua juu ya kabati hakusaidii, maana paka hupanda, na chavua hudondoka. Penye mbwa anayetafuna hovyo, sikasi (Cycas revoluta) iondoke, kwa kuwa mbegu zake huharibu ini.

Ukiamua kung'oa, mtoe mmea na mizizi yake. Glorioza hasa huchipua tena kutoka kwenye kipande cha kiazi kilichobaki.

Hatua ya 3: Chagua mahali

Kitalu cha mboga na mimea ya sumu vitenganishwe kwa angalau mita 3, na katikati pawe na njia au ukingo unaoonekana. Hofu kubwa hapa ni mkono unaovuna haraka. Mwishoni mwa mwaka 2022 nchini Australia, watu wengi waliugua na wengine kuona vitu visivyokuwepo baada ya kula spinachi changa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mnanaha ulikuwa umeota katikati ya zao na kuvunwa pamoja nalo. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwenye shamba la biashara lenye wakaguzi, litawezekana pia kwenye tuta la nyumbani. Mche mchanga wa mnanaha ukiuona kwenye mboga, ung'oe siku hiyo hiyo.

Glorioza asikae tuta moja na viazi vya aina yoyote, na viazi vyake visihifadhiwe jikoni wala ghalani penye chakula.

Kutoka kwenye uzio wa jirani mwenye mifugo, rudi ndani mita 2. Mbuzi hunyoosha shingo kupita kiasi unachodhani. Oleanda isiwe juu ya kisima, bwawa la samaki au hori la maji ya mifugo, kwa sababu majani huanguka humo na kuachia sumu majini. Mnyaa uwe mita 1 au zaidi kutoka kwenye njia, tena usiwe kwenye kimo cha macho ya mtoto anayekimbia. Na kisanduku cha mchanga cha watoto kisiwe chini ya mti wowote kati ya hii.

Hatua ya 4: Uzio kwanza, kibao baadaye

Kibao hakimzuii mtoto asiyejua kusoma. Zungushia uzio wa kimo cha mita 1.2 au zaidi, wenye nondo au mbao zilizosimama wima na nafasi isiyozidi sentimita 10 kati yake. Mbao za kulala humpa mtoto ngazi. Geti lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu, upande wa ndani. Katika Bustani ya Alnwick kaskazini mwa Uingereza, sehemu ya mimea ya sumu iliyofunguliwa mwaka 2005 hufungwa kwa geti, na wageni huingia na kiongozi. Wao wana wafanyakazi wa kuwaangalia wageni muda wote. Wewe huna, kwa hiyo geti lako ndilo mlinzi.

Kibao kiwe cha bamba la aluminiamu, na maandishi yawe ya penseli. Kalamu ya wino hufifia juani, ila penseli kwenye aluminiamu hudumu kwa miaka. Andika jina la kisayansi na neno SUMU. Kisha wafundishe watoto kanuni moja isiyo na orodha: hakuna kinachoingia mdomoni kutoka bustanini mpaka mtu mzima akitaje.

Hatua ya 5: Kupogoa

Chagua asubuhi isiyo na upepo, watoto na wanyama wakiwa ndani. Tandika turubai kabla ya kukata tawi la kwanza. Majani yaliyoanguka kwenye nyasi huwa vigumu kuokotwa yote.

Vaa miwani kabla ya glavu, ili usiguse uso baadaye. Kata ukiwa umesimama upande ambao upepo unatoka, na tawi liwe chini ya kimo cha macho yako. Kama liko juu, tumia mkasi wa mpini mrefu. Usimkate mnyaa ukiwa chini yake ukitazama juu. Ajali za macho huweza kutokea hivyo. Baada ya kila mkato kwenye mmea wa maziwa, nyunyiza maji mahali palipokatwa; mtiririko hupungua na kidonda hukauka haraka.

Jasho likikutiririka, simama. Usilipanguse kwa mkono wenye glavu wala kwa mkono wa shati. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, nawa, ndipo ujifute. Maziwa ya mnyaa hayaondoki vizuri kwa maji matupu: yafute kwanza kwa kitambaa kikavu utakachokitupa, kisha osha kwa sabuni na maji mengi.

Mkasi ufutwe kwa spiriti, kisha uoshwe kwa sabuni. Mkasi huo usitumike tena kuvunia mboga. Nunua wa pili na upake mpini wake rangi nyekundu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Hatua ya 6: Wahi mbegu kabla hazijakomaa

Kwa mbarika, shada la maua lina sehemu mbili: ya chini ni ya kiume, na ya juu, yenye nyuzi nyekundu, ni ya kike. Hiyo ya juu ndiyo inayotoa matunda. Kata shada lote mara tu nyuzi nyekundu zinapoonekana. Ukingoja tunda likauke, litapasuka na kurusha mbegu tatu mbali na mmea, na utazitafuta usizipate zote.

Tunda la mnanaha lina miiba na mamia ya mbegu ndogo, ambazo huweza kukaa ardhini miaka mingi zikiwa bado hai. Likate likiwa la kijani. Kama limeshapasuka, lifunike kwa mfuko kwanza, ulifunge kwa chini, kisha ndipo ukate kikonyo.

Kagua kila siku saba wakati wa kuchanua. Wiki mbili ni nyingi mno kwa mbarika wakati wa joto.

Hatua ya 7: Mabaki

Usichome moto. Moshi wa oleanda na wa mnyaa hudhuru macho na mapafu, na huvuka uzio hadi kwa jirani ambaye hajui unachochoma.

Usiwape mifugo, wala usiyaache rundo wazi. Jani bichi la oleanda ni chungu na mnyama hulikwepa, lakini likinyauka uchungu hupungua huku sumu ikibaki. Kwa hiyo rundo la siku tatu ni hatari kuliko mti wenyewe.

Usiyatandaze kama matandazo kwenye mboga, wala usiyatie kwenye mboji itakayokwenda huko. Matawi yaliyonyooka yasigeuzwe mishikaki, vijiti vya kukoroga wala egemeo la maharage. Yafunge kwenye mfuko imara na kuyatoa kama taka, au yafukie kwa kina cha nusu mita mahali mbwa hawachimbui, mbali na kisima.

Hatua ya 8: Ajali ikitokea

Andaa kadi moja ya ukutani yenye namba ya dharura, ya kituo cha ushauri wa sumu au hospitali, ya daktari wa mifugo, na orodha ya mimea yako. Isahihishe kila unapoongeza mmea.

Kilichoingia mdomoni: toa mabaki kwa kidole, suuza mdomo kwa maji na uyateme. Usimtapishe. Usimpe maji ya chumvi wala mafuta, na usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Piga simu ukiwa tayari na umri na uzito wake, jina la mmea, sehemu iliyoliwa, kiasi na saa. Kipande cha mmea kitie mfukoni na uende nacho. Kwa mbarika na Abrus, nenda hospitali hata kama mtoto anacheza kama kawaida. Kwa oleanda nenda mara moja, kwa sababu moyo unahitaji kupimwa kwa mashine.

Kilichoingia jichoni: mwaga maji safi polepole kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, kutoka upande wa pua kwenda nje ili maji yasiingie jicho la pili. Toa lenzi kama anazo. Kisha hospitali, hata maumivu yakipungua, kwa kuwa madhara ya maziwa ya mnyaa huongezeka saa kadhaa baadaye.

Aliyezimia ila anapumua: mlaze ubavu, usimpe kitu chochote mdomoni. Aliyekula mnanaha na anaweweseka asiachwe peke yake. Mweke mahali pa baridi na penye utulivu hadi msaada ufike. Aliyevimba ulimi na anapumua kwa shida asisubiri usafiri wa kawaida, piga namba ya dharura.

Paka aliyegusa Lilium apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, kabla hajaanza kutapika. Chavua iliyo kwenye manyoya ifutwe kwa kitambaa chenye maji njiani, ili asiendelee kuilamba.