Kuzungusha Hadi Mwisho: Jinsi ya Kutumia Vidhibiti vya Joto na Baridi Nyumbani

Umeme unaporudi baada ya kukatika kwa saa kadhaa, watu wengi hufungua friji na kuzungusha swichi yake hadi namba 7, wakiamini kwamba litapoa upesi na kufidia muda uliopotea. Kwa imani hiyo hiyo, mtu anayeingia chumbani akitokwa jasho hukiwekea kiyoyozi nyuzi 16, ilhali anachotaka ni 24. Kwa kawaida hatua hizi mbili haziongezi kasi ya kupoa. Zinachoongeza ni matumizi ya umeme.

Themostati, yaani kidhibiti joto kinachopangwa kwa swichi au namba hizo, haipangi nguvu ya chombo, bali kikomo cha joto au baridi yake. Kazi yake ni kupima: ndani ya friji kukiwa na joto kuliko kikomo ulichoweka, inaruhusu umeme ufike kwenye kompresa, yaani pampu inayoleta baridi, na kikomo kikifikiwa inaukata. Kwa kuwa kompresa ya kawaida ina mwendo mmoja tu, friji lililowekwa namba 3 na lililowekwa namba 7 hupoa kwa kasi ile ile, isipokuwa la pili halisimami pale la kwanza liliposimama. Mwaka 1986 mtafiti Mmarekani Willett Kempton alieleza jinsi watu wa kwao walivyozielewa themostati za kupasha nyumba joto: wapo waliojua kwamba kinachowekwa ni kikomo, na wapo walioichukulia kama vali, ambayo ukiifungua zaidi joto nalo huja kwa wingi zaidi. Kosa hili si la ujinga, maana bomba la maji, jiko la gesi na utambi wa chemli hufanya kazi hivyo hasa, na hivyo ndivyo tulivyovizoea tangu utotoni.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa swichi yoyote, tambua kwanza kama ni ya kikomo au ya nguvu. Njia rahisi ni kukiacha chombo kikifanya kazi na kukichunguza. Taa ya pasi au ya oveni ikizima yenyewe na kuwaka tena baada ya muda, au friji likinguruma, likanyamaza, kisha likaanza tena, hiyo ni themostati. Pasi ni mfano mzuri: kwenye swichi yake nukta moja ni ya nailoni na nguo za aina hiyo, mbili ni za sufu na hariri, tatu ni za pamba na kitani. Kuiweka nukta tatu ili ipate moto upesi kwa ajili ya blauzi ya nailoni ni kuitafutia blauzi hiyo tundu. Anza na nguo za joto dogo ukipanda, kwa sababu pasi hupata moto haraka kuliko inavyopoa.

Friji linahitaji subira zaidi. Namba zake si nyuzi za joto. Katika mafriji mengi namba kubwa ni baridi kali zaidi. Anza na namba ya katikati, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kiache usiku kucha, na ulenge nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Ukibadilisha, songa namba moja tu na usubiri siku nzima kabla ya kuamua tena. Anayeliacha friji kwenye 7 baada ya umeme kurudi hukuta mchicha umeganda na kompresa haipumziki, kisha hulalamika kwamba uniti za Luku zinakwisha upesi.

Baadhi ya mafriji ya milango miwili huwatatiza hata watu makini, na hapa lawama naiweka kwa watengenezaji. Yana swichi mbili, moja ikiandikwa ya friza na nyingine ya friji, kana kwamba kila upande unajitegemea. Kumbe themostati ni moja, na swichi ya pili huongoza kilango kinachogawa hewa baridi baina ya pande hizo. Ukiongeza baridi upande mmoja, mwingine huathirika. Usizibadilishe zote mbili kwa siku moja, la sivyo hutajua ni ipi iliyoleta badiliko.

Kwa kiyoyozi, angalia alama kwenye rimoti kabla ya namba. Theluji ni kupoza, tone la maji ni kukausha hewa, feni ni kupuliza tu bila kupoza, na jua ni kupasha joto. Fundi huitwa mara nyingine kwa sababu tu rimoti imebaki kwenye feni. Weka 24 au 25 kisha usubiri. Viyoyozi vya inveta hubadilisha mwendo wa kompresa, lakini chumba kikiwa na joto la nyuzi 32, hata ukiweka 24 kompresa itajituma vya kutosha. Chumba kisipopoa kabisa, kagua kichujio kilichojaa vumbi, au gesi iliyopungua.

Hita ya papo kwa papo ya bafuni ni kinyume cha yote haya. Nyingi hazina themostati: swichi huchagua nguvu, na joto la maji hutegemea wingi wake. Hita ya kilowati 5 inayopitisha lita 3 kwa dakika huyaongezea maji nyuzi 24 hivi. Ukifungua lita 6, nyuzi 12 tu. Anayefungua bomba lote kisha akasema hita imeharibika anaisingizia. Punguza maji kidogo kidogo, ila si mno, kwani presha ikishuka sana hita hujizima. Ukitaka kuisogeza swichi yenyewe, funga maji kwanza, wala usiiguse kwa mkono wenye maji.