Ziwa Natron kwa viraka: somo la picha ya kutundika ukutani

Tutatumia kanga zilizochakaa, mabaki ya fundi cherehani na gunia kuukuu la katani. Mandhari ni Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambalo maji yake hugeuka mekundu kwa sababu ya viumbe wadogo wapendao chumvi, huku magadi yakiganda juu yake kama ukoko mweupe na mlima Ol Doinyo Lengai ukisimama upande wa kusini.

Hatua ya 1. Fua vitambaa vyote, kisha sugua kila kimoja kwa kitambaa cheupe kilicholowa; kinachotoa rangi kiweke kando.

Hatua ya 2. Vipange kwa weupe na weusi wake, si kwa rangi. Nawasihi msiiharakishe hatua hii, kwani ndiyo inayoleta umbali katika picha. Vipige picha kwa simu na kuiondoa rangi, na huenda ukaona nyekundu na kijani ulizodhani zinatofautiana sana zimekuwa kijivu kimoja. Mlima wa mbali huonekana umepauka, kwa hiyo unahitaji kanga ya buluu iliyofuliwa miaka mingi, ambayo upole wake haupatikani katika kanga mpya. Ukiikosa, geuza kitenge cha bei nafuu, kwa kuwa upande wake wa ndani huwa hafifu.

Hatua ya 3. Juu ya gunia tandaza anga, mlima, kisha ziwa, kila kimoja kikilalia kilichotangulia kwa sentimita 1. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, halafu shona.

Hatua ya 4. Kwa magadi, chana shuka jeupe kwa mkono bila kutumia mkasi, ukiacha nyufa ambamo wekundu wa chini utachungulia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, chandarua cha zamani kinafaa kwa ukungu?*
Kama kilitiwa dawa ya mbu, usikitumie. Neti ya pazia inatosha.

*Gunia langu linafumuka pembeni.*
Pinda sentimita 3 kila upande, na ushonee kitambaa cha jinzi kwa nyuma.

*Jina la kanga nilikate au nilibakize?*
Dada yangu, muulize kwanza aliyeivaa. Kanga ya marehemu mama niliibakizia jina lake lote, nikalilaza ndani ya maji, mahali kinapoangukia kivuli cha mlima.