Somo: Kabla ya Kupakia Lori – Jinsi Klabu Ndogo Inavyoweza Kuwasaidia Wakimbizi na Majirani

Mwaka mmoja wa mvua kubwa, klabu yetu hapa Kisumu ilichanga pesa, tukanunua magunia ya mahindi na kuyapeleka kwa familia zilizohamia shule ya msingi upande wa Kano baada ya mto Nyando kuvunja kingo. Tulishusha magunia, tukaomba, tukapiga picha. Kisha mama mmoja akanishika mkono, akanivuta kando na kuniuliza kwa upole: "Mwanangu, haya tutayasagia wapi?"

Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa ndani ya maji. Sufuria zao zilisombwa na mto, na kuni zote zilikuwa zimelowa. Tulikuwa tumewaletea watu wenye njaa chakula wasichoweza kukipika. Kila hatua ninayoandika hapa chini imetokana na swali la mama yule.

Nikisema klabu, nina maana ya watu wa kawaida wanaokutana kila wiki au kila mwezi na kujitolea. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, Lions ikaanza mji huohuo mwaka 1917, na zote zina matawi ya vijana: Rotary ina Rotaract, pamoja na Interact ya wanafunzi wa miaka 12 hadi 18, na Lions ina Leo. Lakini kikundi cha kanisa, cha msikiti au chama cha akina mama wa soko la Kibuye kinaweza kufuata njia hii bila kubadilisha neno.

HATUA YA 1: Uliza kabla ya kuchanga

Tuma watu watatu, mmoja wao mwanamke, na angalau mmoja anayejua lugha ya pale. Waende kwa matatu au boda boda, si kwa gari lenye bango. Gari lenye bango hubadilisha majibu: watu huanza kutaja wanachodhani umekuja nacho.

Waanze kwa mzee wa kijiji, maana heshima ni heshima. Wakimalizana naye, waombe kuketi na wanawake peke yao. Mambo ya sodo, ya choo kisicho na mlango na ya msichana aliyeacha shule hayasemwi mbele ya mzee. Kisha wapite zahanati wamuulize muuguzi ni ugonjwa gani umemjazia foleni mwezi huu. Mwisho waende dukani, wanunue soda, wamuulize mwenye duka watu wanakopa nini. Mimi naliamini daftari la madeni la duka kuliko fomu yoyote ya utafiti. Familia ikianza kukopa chumvi na kiberiti, ujue imefika ukingoni.

Maswali matatu yanatosha: Leo mnakosa nini? Zamani mlikipata vipi? Nani hayupo kwenye kikao hiki? Hilo la tatu ndilo litakalokupeleka kwa bibi asiyeweza kutembea na kwa mama aliyejifungua juzi.

Kama tungefanya hivyo kule Kano, tungepeleka unga, sufuria, dawa ya kutibu maji na neti. Maji ya mafuriko yakitulia, mbu ndio wanaofuata, na ukanda wote wa ziwa, kuanzia Nyando hadi Budalang'i, unajua malaria ni nini.

HATUA YA 2: Tazama nani tayari yuko pale

Hii ni muhimu zaidi mkielekea kwa wakimbizi. Kambi ya Kakuma, Turkana, ilifunguliwa mwaka 1992, na miongoni mwa watu wake wa kwanza walikuwa maelfu ya wavulana waliotembea kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liko pale. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, WFP, linashughulikia chakula, na Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wana kazi zao. Lori moja la klabu ya Kisumu haliwezi kulisha watu wote hao, wala halipaswi kujaribu.

Tafuteni pengo. Mara nyingi ni kitu kidogo ambacho hakimo kwenye orodha za wakubwa: miwani ya kusomea, gurudumu la kiti cha mlemavu lililovunjika, taa ya jua ya kusomea usiku, vitabu vya darasa moja la shule moja. Andikieni shirika linalosimamia elimu au afya pale na muulize wazi: mmekwama wapi?

Wala msidhani wakimbizi wako kambini tu. Ziko familia za Sudan Kusini zinazopanga nyumba Kitale, Eldoret na Nakuru ili watoto wasome. Hao mnaweza kuwafikia kwa miguu.

HATUA YA 3: Ruhusa

Kijijini, pitieni kwa chifu. Kambini huingii bila kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, kwa hivyo ombeni mapema, mkiwa na majina na namba za vitambulisho vya wote watakaosafiri. Kama hamna hati ya klabu ya kimataifa, jiandikisheni kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, pamoja na katiba yenu.

HATUA YA 4: Pesa

Pesa zipitie akaunti ya klabu au namba ya malipo ya klabu, kamwe zisipitie simu ya mwenyekiti, hata awe mtakatifu. Watia sahihi wawe watatu. Kila risiti ipigwe picha siku hiyohiyo, maana karatasi za risiti zetu hufifia kabla ya mwezi kwisha.

Hesabu ya usafiri ifanyeni kwanza. Kutoka Kitale kupitia Kapenguria na Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 400, na ndipo mchango wa wengi unapoishia: kwenye dizeli. Mwenzangu mmoja aliwahi kutaka tununue sabuni Kisumu "kwa sababu huku ni bei rahisi". Tulipojumlisha lori, dereva na malazi, kila mche wa sabuni ulikuwa umepanda kuliko bei ya pale pale kambini.

Kakuma ni soko kamili. Uchunguzi wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu maduka zaidi ya 2,000 katika kambi na mji wake. Mwaka 2015 WFP ilianza kutoa sehemu ya posho kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, na wenye maduka waliouza chakula hicho walikuwa wakimbizi na Waturkana wenyewe. Mkinunua sabuni yenu pale, shilingi moja inasaidia mara mbili: anayepokea, na muuzaji anayelipia mwanawe karo.

HATUA YA 5: Siku ya kugawa

Hapa ndipo heshima ya mtu hulindwa au huvunjwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Orodha iandikwe na watu wenyewe siku mbili kabla na isomwe hadharani, ili aliyeachwa aseme mapema. Kila nyumba ipewe tiketi yenye namba na saa. Msiwaite watu wote saa tatu kama nyinyi mtaanza saa sita. Wekeni kivuli na maji ya kunywa. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wahudumiwe kwanza, na asiyeweza kuja apelekewe nyumbani.

Hotuba ziwe za dakika tano zote kwa jumla. Mwanasiasa akija, akaribishwe apange mstari wa kugawa kama wengine. Nimeshuhudia akina mama wenye watoto mgongoni wakisimama juani saa nzima wakisubiri wageni wa heshima wamalize kushukuriana. Sitaki kuliona hilo tena maishani.

Picha: pigeni mizigo, mikono, jengo, wanachama wenu. Sura ya mkimbizi msiipige bila ruhusa yake, na hata akikubali msiitie mtandaoni pamoja na jina. Yule mtu amekimbia mtu fulani, na huyo fulani pia ana simu. Mtoto akipokea sodo au chupi, weka simu mfukoni kabisa.

HATUA YA 6: Rudi

Baada ya mwezi mmoja, wale watatu wa mwanzo warudi, kwa matatu ileile. Neti zimetundikwa au zimekuwa ua la kuku? Tangi bado lina mfereji? Mwaka wa Rotary na wa Lions huanza tarehe 1 Julai, viongozi hubadilika, na mradi mwingi mzuri hufa siku hiyo kwa sababu ulikuwa kichwani mwa rais mmoja. Wekeni faili moja, na atakayeshika uongozi mwaka ujao aende nanyi safari ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja wa Ahero: Majirani zangu wanauliza, kwa nini mbebe vitu hadi Turkana na sisi mafuriko yanatuhamisha kila mara? Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mama, swali lao ni la haki, na klabu isiyoweza kulijibu isitoke nje ya kaunti yake. Kwetu tuliamua kwamba kila mradi wa wakimbizi uwe na mwenza wa hapa nyumbani mwaka huohuo. Hata huko kaskazini, Mturkana anayeishi kando ya kambi huona malori ya msaada yakimpita naye ana kiu. Ndiyo maana Kalobeyei ilipangwa tangu mwanzo iwe ya mkimbizi na mwenyeji kwa pamoja, na mpango wa serikali uitwao "Shirika", uliozinduliwa Machi 2025, unataka shule na hospitali za kambini ziwahudumie wote wawili.

Kuhusu methali, wakumbushe kwamba inasema mpe jembe. Mgeni hanyimwi kazi. Mkimbizi wa Kakuma kwa miaka mingi amekaa pale hana shamba, haruhusiwi kutoka bila kibali, na karatasi za kumwezesha kufanya kazi ni taabu kuzipata, ingawa Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtambulia haki ya kujitafutia riziki. Wengi wanaliomba jembe hilo kwa miaka thelathini. Cherehani au mtaji wa kibanda ni jembe.

Tena mama, sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2008 tunakumbuka uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulivyojaa mahema. Watu zaidi ya 600,000 walihamishwa ndani ya nchi yetu, na wengine walivuka mpaka wakapokelewa Uganda. Mimi mwenyewe nililaza sebuleni familia ya watu saba waliofika na begi moja.

Kijana wa Rotaract, Kisumu: Sisi ni wanafunzi, hata nauli ni shida. Tutatoa nini?

Kiswahili. Sisemi kukutuliza, ni pengo halisi. Mtoto wa Sudan Kusini anaingia shule ya Kitale au Nakuru akiwa darasa la tano, Hesabu anaijua, lakini insha ya Kiswahili inamliza. Saa mbili kila Jumamosi, watoto sita kwa mwalimu mmoja, muhula mzima bila kukosa. Pataneni kwanza na mwalimu mkuu na wazazi, na mfundishe wawili wawili mahali pa wazi. Ukiwa na majirani kutoka mashariki ya Kongo, waite wakusaidie kufundisha. Kiswahili ni chao tangu utotoni, na mtoto akimwona mkimbizi mwenzake akiwa mwalimu, mgongo wake hunyooka.

Mwekahazina, Nakuru: Wanachama wametoa mitumba mingi. Tupeleke?

Ichambueni kwanza. Kipimo chetu ni kimoja: je, wewe ungeivaa kwenda kazini kesho? Iliyochanika iwe ya kupigia deki. Nguo za ndani ziwe mpya, hilo halina mjadala. Sare za shule zinunuliwe kwa fundi wa palepale. Zikibaki nyingi, ziuzeni Nakuru na mpeleke pesa.

Mzee wa Vihiga: Tunataka kambi ya macho. Wazee wengi wamefungwa na mtoto wa jicho.

Mzee, hapo mko pazuri, maana Hospitali ya Macho ya Sabatia iko kaunti yenu. Zungumzeni nao kabla ya kutangaza chochote kanisani. Upasuaji wenyewe huwa mfupi, lakini kuna kurudi kuangaliwa, kuna matone ya dawa kwa majuma kadhaa, na kuna mjukuu wa kumshika mkono. Bajeti yenu ilipie nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kila mara.

Katibu, Bungoma: Tuombe ruzuku ya kimataifa ya Wakfu wa Rotary moja kwa moja?

Bado, ndugu katibu. Ruzuku hiyo inataka bajeti isiyopungua dola 30,000, klabu mshirika wa nchi nyingine, na ushahidi kwamba mliiuliza jamii kwanza. Anzeni na mradi wa shilingi elfu hamsini, mtunze faili lake vizuri mwaka mzima. Mkimpata mshirika wa nje, mtumieni faili hilo likiwa na risiti zote, hata ile ya soda ya dukani.